Siku Kaka Alipobaki Juu ya Boriti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kwenye kiti chako cha kuegemea, magoti yamekupa nafuu, na vidonge vya asubuhi umevimeza, si kuvificha chini ya kisahani kama ulivyomfanyia daktari mwezi uliopita. Mimi ni mzima wa mwili. Vumbi la saiti limenikausha koo, lakini kula ninakula, na kazi inakwenda.

Najua hutaisikia barua hii peke yako. Kikao kimeitishwa kwa ajili yangu, na mimi siwezi kuja, kwa kuwa Jumapili hii tunamwaga zege la misingi ya upande wa pili, na zege likishachanganywa halimngojei mtu amalize maongezi ya familia. Basi nimemwomba mdogo wetu wa mwisho, mwalimu, aisome kwa sauti. Yeye kila siku anawasomea watu wasiotaka kunyamaza, kwa hiyo hatababaika.

Baada yako, Mama, namwamkia Baba Mkubwa, ambaye tangu Baba atutoke tumekuwa tukimtazama yeye kila neno zito linapotaka mwenyewe. Namwamkia Shangazi, na ninamshukuru kwa ujumbe wake, ingawa uliniunguza. Namwamkia Mjomba, ambaye bila shaka ameshashika nafasi iliyo karibu na birika. Namsalimu Wifi yangu kwa heshima zote. Namsalimu dada yangu pamoja na mumewe, shemeji yetu ambaye jina lake la kuzaliwa hakuna anayelikumbuka tena, kwa kuwa ukoo mzima na saiti nzima tunamwita Redio. Na mwisho, kwa makusudi, namsalimu Kaka. Najua amekaa karibu na mlango. Tumekubaliana kwamba hatatoka mpaka mwalimu akunje karatasi.

Nianze na habari za kazi, kwani naona nimelaumiwa sana juu ya jengo ambalo wengi wenu hamjaliona.

Ni ghala la kupokea na kusambaza mizigo. Malori yatarudi kinyumenyume hadi kwenye milango iliyoinuliwa kimo cha sakafu ya lori, mizigo itaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na ndani rafu zitapanda hata mtu akizitazama kofia imwanguke. Mwenye mali hataki nguzo hata moja katikati, kwa sababu mashine za kubebea mizigo zinahitaji nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo uzito wote wa paa unabebwa na fremu za chuma: nguzo mbili pembeni, na boriti mbili zinazopanda kwa mteremko mpaka zikutane kileleni. Nimezikokotoa mwenyewe fremu hizo, kila moja, kwa uzito wa mabati, kwa mvua, na kwa upepo unaosukuma kutoka nje na ule unaoingia mlangoni na kutaka kulibeba paa kama mwavuli.

Ofisi yangu ni kontena tulilolitoboa dirisha. Nikiinua macho kutoka kwenye michoro, ng'ambo ya barabara naliona paa la ghala alilolijenga Baba.

Bado limesimama, Mama. Mabati yamekuwa na rangi ya chai, na mbele wameweka duka la matairi, lakini mgongo wa paa umenyooka vilevile. Asubuhi jua likilipiga, kivuli chake kinavuka barabara na kulala juu ya kokoto zetu, nami husimama na kikombe mkononi mpaka msimamizi wa mkandarasi anikoholee.

Unakumbuka Baba alivyochora? Hakuwa na meza wala karatasi kubwa. Alifagia sakafu, akachukua chaki, akaichora kenchi nzima, kile kiunzi cha kubeba paa, pale chini kwa ukubwa wake halisi, kisha akatuita sisi watoto tumshikie uzi. Kaka alisimama ncha ya kulia, dada ncha ya kushoto, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyelia nikikosa cheo, nilipewa kilele. Baba alisema kilele hakiendi chooni mpaka kipimo kimalizike. Tulivuta uzi, naye akapita akiugonga kwa kidole, akisikiliza kama mtu anayepiga ala. Ukilegea alijua ni nani amelegea bila kutazama. Harufu ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mlio wa msumeno, jasho lako wewe Mama ulipofika na birika la mchana kichwani: hayo ndiyo yaliyonifanya niwe mhandisi. Chuo kilinipa hesabu tu.

Unakumbuka pia siku ya boriti ya kwanza. Kila jengo, kabla kikosi hakijaanza kazi ya juu, Baba alipanda peke yake na kuitembea boriti toka mwisho hadi mwisho, mikono wazi, na jioni alikuwa wa mwisho kugusa ardhi. Alisema hawezi kumtuma mtoto wa mwenzake mahali ambapo yeye hajakanyaga. Nawe ulisimama chini ukimpigia kelele kwamba hukuolewa na ndege, ateremke, chai inapoa. Yeye akajibu kutoka juu kwamba chai yako hata ikipoa inaunguza. Mafundi walicheka hadi spana zikawaponyoka. Nami nilikuwa juu ya mabega ya Kaka, nikimshika masikio, na Kaka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku moja atakuwa yeye kule, nami nitakuwa nikimpigia kelele.

Baba alipofariki, ninyi mliokaa hapo ndinyi mliomsimamisha Kaka kaburini, mbele ya kikosi, na kumwambia kwamba kupanda wa kwanza na kushuka wa mwisho sasa ni kwake. Hakuna aliyepinga. Alikuwa akipita juu ya chuma kama mwingine anavyopita sebuleni kwake. Mkandarasi wa ghala hili aliponiuliza kikosi gani kinaweza kusimamisha fremu ndefu namna hii, sikumtaja kwa kuwa ni ndugu yangu. Nilimtaja kwa kuwa sikujua mwingine bora.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Siku fremu za kwanza zilipoinuliwa nilikuwa mjini kwenye kikao cha mkandarasi. Niliporudi saiti nilikuta fremu mbili zimesimama mwisho wa jengo, upande wa lango, zimefungwa kamba, na ya tatu inaning'inia kwenye winchi. Michoro yangu ilisema kazi ianzie katikati. Pale katikati, fremu mbili za mwanzo hufungwa pamoja kwa vyuma vya mshazari, ukutani na paani, zikawa kama sanduku moja gumu, na nyingine zote upande huu na ule huja kuliegemea sanduku hilo. Bila hivyo kila fremu inasimama kama karata: imara ukiitazama kwa mbele, lakini ukiipuliza ubavuni inalala.

Nilimwita Kaka nikamuuliza. Alinijibu kutoka juu kwamba Baba alianzia mlangoni katika kila jengo alilojenga, na kwamba mtu mwenye adabu haingii nyumbani kwake kwa kuruka dirisha. Vijana walicheka. Nami nilicheka, Mama, sina sababu ya kuficha. Kisha nikamweleza kwamba Baba hakukosea: ghala la Baba lilikuwa na ukuta mnene wa mawe pale mlangoni, na kenchi ya kwanza iliuegemea kama mlevi anavyomwegemea rafiki yake. Fremu hizi hazina ukuta. Miguuni zina bolti nne tu, na rafiki yao yuko katikati ya jengo. Alikuwa amefuata kumbukumbu ya Baba kwa uaminifu, na kumbukumbu hiyo ilikuwa ya jengo jingine.

Wakati huo upepo ulianza kuinua vumbi, na kamba zikaanza kuimba. Nikaamuru watu wote washuke. Wakashuka. Kaka, kwa kuwa yeye ni wa mwisho, akabaki juu akingoja wa mwisho wao aguse chini. Kisha naye hakushuka.

Msimamizi wa mkandarasi alichukua kipaza sauti akamwita. Akamwita tena. Kaka alikuwa amekaa juu ya boriti karibu na kilele, ameikumbatia, uso upande mwingine. Chini wakaanza maneno. Mmoja alisema Bosi kasusa. Mwingine alisema mhandisi apande mwenyewe akamwombe radhi hukohuko, si ameyajulia vitabuni. Wa tatu, mpishi wetu, aliuliza kama chakula chake kipandishwe kwa winchi au atakifuata. Ndipo Redio akajifunga mkanda, akapanda. Alipanda akizungumza, na sote tulimsikia mpaka sauti ikapotea: ilikuwa habari ya jogoo wa jirani yake anayewika adhuhuri na kulala alfajiri. Walikaa kule muda mrefu. Kisha walishuka polepole. Kaka alinipita bila kunitazama, akaenda nyuma ya kontena.

Hayo ndiyo yaliyoonekana, na ndiyo yaliyofika nyumbani kabla hata mimi sijavua kofia. Mliambiwa mtoto wa kike amemfukuza kaka yake kwa kipaza sauti mbele ya watu wake, naye kwa uchungu akakataa kushuka. Baba Mkubwa alinipigia akaniuliza kama shule ndiyo iliyonivimbisha kichwa au nilizaliwa hivyo. Shangazi aliniandikia swali moja tu: hata kama nimesoma, nilibebwa mgongoni na nani? Sikumjibu yeyote. Mkasema ni kiburi.

Kisha mkaamua, na uamuzi wenu ulitoka katika mapenzi. Sina shaka hata kidogo. Mmesema Jumamosi inayofuata kikao hiki, fremu mbili za katikati zitakaposimama badala ya zile za langoni, ukoo wote utakuja saiti. Basi dogo limeshakodiwa, na nasikia Mama umeshonewa gauni. Mimi nimwombe Kaka radhi mbele ya kikosi, na yeye, ili heshima yake irudi mahali pake, apande mbele ya macho yenu na kuitembea boriti toka mwisho hadi mwisho, mikono wazi, kama Baba.

Ni kwa sababu ya Jumamosi hiyo ninaandika. Lawama ningeendelea kuzibeba.

Mama, Kaka hakususa. Kaka hakuweza kushuka.

Nilipomfuata nyuma ya kontena nilimkuta amepiga magoti anatapika. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na ilinibidi nivinyooshe kimoja kimoja ili nimpe maji. Aliniambia kwamba alipoinama kutazama kama wa mwisho ameshafika chini, dunia ilizunguka, boriti ikawa juu na mawingu yakawa chini, na hakujua tena upande upi ni wa kushukia. Kule juu Redio alimfunga kwa mkanda wake mwenyewe, kisha akatangulia chini yake akimshika kisigino na kumwekea mguu juu ya kila kipago cha ngazi, huku akiendelea na jogoo wake ili mtu asisikie kwamba Kaka anaomba.

Na haikuwa mara ya kwanza. Jambo hili limemsumbua tangu mvua za mwaka jana. Wifi, taa ya sebuleni kwako iliyoungua ukakaa ukimlaumu kwa uvivu, mpaka mtoto akapanda kiti na kuibadilisha: haukuwa uvivu. Alishindwa kusimama juu ya kiti. Saitini alikuwa akifika kabla ya wenzake wote ili akipanda na kujishikiza asionekane. Nilimpeleka hospitali siku iliyofuata, nikawaambia watu tumekwenda kununua bolti. Daktari alimpima, akamgeuza kichwa huku na huku, akatueleza kwamba ugonjwa uko ndani ya sikio, pale mwili unapojulia ulivyosimama. Ataishi, atafanya kazi, ataendesha baiskeli Mungu akipenda. Dawa zitampunguzia. Lakini juu asipande tena, si kesho, si akipona kidogo.

Nilitaka kuwaambieni jioni ileile. Kaka alinishika mkono akaniomba nisiseme. Alisema heri waseme amesusa kuliko waseme ameogopa. Mtu aliyesusa bado ni kiongozi, lakini aliyeogopa ni mtu ambaye mama yake atamwonea huruma. Nikakubali. Nanyi mkanitukana, naye Kaka akawa anakuja ofisini kila asubuhi kuniuliza leo nimetukanwa na nani, na tukicheka, tulicheka kwa shida. Redio naye alizimika kabisa. Dada, najua ulidhani mumeo anaumwa. Alikuwa anatunza siri, na ni kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa.

Habari ya basi ilipofika, Kaka alikuja kwenye kontena, akavua kofia, akakaa. Alisema labda kwa vidonge viwili na kwa kutotazama chini anaweza. Nilimwambia kwamba pasipo saini yangu hakuna chuma kitakachonyanyuliwa katika saiti ile, na saini hiyo haitatoka maadamu yeye anakusudia kupanda. Nje walikuwa wanagonga mbao za kuzungushia zege. Kisha akauliza ni nani atakayemwambia Mama. Nikasema mimi. Akasema basi niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu Mama ataanza kulia katikati ya sentensi na hatasikia iliyobaki. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga. Alinirekebisha mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika kwamba alilia, akasema ni vumbi. Nimeifuta.

Mama, najua sasa umeshika kidevu na unamtazama. Mtazame, lakini usimhurumie. Hicho ndicho anachokiogopa.

Nalileta sasa neno langu mbele ya kikao, kwa heshima na bila kuzunguka. Kama mhandisi wa jengo hili nimeshaamua, na mkandarasi ameshaandikiwa: Kaka hatapanda Jumamosi, wala siku nyingine yoyote. Ataongoza kikosi akiwa ardhini, yeye ndiye atakayemwonyesha dereva wa winchi, kwa mkono, fremu ipande, isogee, au isimame. Kazi hiyo si ya kufarijiwa. Fremu ikiwa hewani, uhai wa kila aliye juu uko katika mkono wa mtu mmoja aliye chini, na dereva wetu ameshaniambia kwamba mkono wa mwingine hataufuata. Boriti ya kwanza itatembewa na Redio. Si wa damu yetu, najua, na najua kuna watakaolitaja hilo. Nawaomba kabla ya kulitaja wamtazame Kaka usoni, kwa kuwa kama si Redio leo mngekuwa mmekusanyika kwa kikao cha namna nyingine.

Hayo ni ya jengo. Yaliyobaki si yangu kuyaamua. Ninyi ndinyi mliomweka Kaka juu ya ile boriti mbele ya kaburi la Baba, na mhandisi hana saini ya kumteremsha mtu kutoka mahali alipowekwa na wazazi wake. Ni ninyi tu mnaoweza. Kwa hiyo naomba, kabla chai haijamiminwa na kabla mtu yeyote hajainuka, Baba Mkubwa asimame na kumwambia, kwa jina la marehemu mdogo wake, kwamba amemaliza zamu ya juu na amekabidhiwa ya chini. Kisha amkabidhi Redio ile ya juu, palepale. Msimwulize Kaka kama aliogopa. Msimpe pole. Mwulizeni Jumamosi anataka basi lisimame wapi lisiizuie winchi, naye atawaambieni.

Nisalimie majirani wote, na watoto wa Wifi mmoja mmoja, pamoja na huyo aliyebadilisha taa. Gauni livae, Mama, uje. Saiti yetu inadai kofia ngumu kwa kila mgeni, nami nimekutengea moja ambayo haijawahi kuvaliwa na mtu.

Wako katika utii na mapenzi,

Binti yako wa katikati